SOMO LA AFYA: MTOTO ANAYEVUJA DAMU – Dawa mpya imetoka wapi, na sisi kambini tufanye nini



Katika somo hili tutazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia jina lake, ingawa huenda tumewahi kuuona. Ni ugonjwa wa damu kutoganda, unaoitwa hemofilia. Hauna wagonjwa wengi kama malaria au kuhara. Kati ya watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa na aina ya kwanza ya ugonjwa huu. Lakini katika kambi yenye maelfu ya watu, mtoto mmoja au wawili wanaweza kuwa nao, na wazazi wao hawajui.

Siku hizi kuna dawa mpya ya ugonjwa huu. Habari zake hufika kwetu nusunusu. Mmoja husema ni dawa ya kuponya kabisa. Mwingine husema ni dawa ya majaribio, watu weusi wanajaribiwa. Yote mawili si kweli. Somo hili litaeleza dawa hiyo ilivyotengenezwa, inafanya nini na haifanyi nini. Kisha litaeleza mambo ambayo wewe mzazi au jirani unaweza kuyafanya leo, kabla dawa hiyo haijamfikia mtoto wako.

1. HEMOFILIA NI NINI?

Mtu akijikata, damu hutoka kidogo, kisha huganda na kuziba jeraha. Kazi hiyo hufanywa na vitu vingi vilivyomo ndani ya damu, ambavyo hapa tutaviita vigandishi. Waganga wamevipa namba.

Fikiri siku ya kupakua lori la chakula. Watu husimama mstari mmoja. Wa kwanza hupokea gunia, humpa wa pili, naye humpa wa tatu, hadi gunia lifike ghalani. Vigandishi hufanya kazi namna hiyo. Kila kimoja hukiamsha kinachofuata, na mwisho wa mstari damu huganda.

Sasa fikiri kwamba katikati ya mstari mtu mmoja hayupo. Magunia hukwama hapo hapo. Mtu mwenye hemofilia A hana kigandishi namba 8, au anacho kidogo sana. Mwenye hemofilia B amepungukiwa na namba 9. Aina A ndiyo yenye watu wengi zaidi.

Jambo moja tulielewe vizuri. Mtoto huyu havuji damu kwa kasi kuliko wengine. Anavuja kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu damu haifungi. Na mara nyingi damu haitoki nje. Huvujia ndani ya goti, kifundo cha mguu au kiwiko. Kiungo huvimba, huwa cha moto na huuma. Ikitokea mara nyingi kiungo huharibika, na mtoto huwa kilema. Damu ikivujia ndani ya kichwa, mtoto anaweza kufa.

2. UNATOKA WAPI?

Hemofilia haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja, kulala pamoja wala kugusa damu ya mgonjwa. Haitokani na laana, na hakuna jirani aliyeituma.

Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mama anaweza kubeba asili ya ugonjwa bila yeye mwenyewe kuumwa. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuwa na ugonjwa, na kila mtoto wa kike ana nusu ya uwezekano wa kuubeba. Baba mwenye hemofilia hawapi wanawe wa kiume, lakini mabinti zake wote huubeba.

Tena, karibu theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika ukoo ambao haujawahi kuwa na mgonjwa hata mmoja. Badiliko hutokea lenyewe tu. Kwa hiyo baba, usimfukuze mke wako, wala wakwe msimnyooshee kidole. Hakuna aliyefanya kosa. Ugonjwa huu uliingia hata katika nyumba za wafalme. Leopold, mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa nao, na alikufa mwaka 1884 baada ya kuanguka. Kwa wakati ule hata mali ya kifalme haikuweza kununua dawa, kwa sababu dawa haikuwepo.

3. DAWA ZA KWANZA

Kwa muda mrefu njia ilikuwa moja tu: kumwongezea mgonjwa damu, au maji ya damu yanayoitwa plazima. Lakini kigandishi kilichomo ndani yake ni kidogo, na mgonjwa alihitaji chupa nyingi.

Mwaka 1964 mama mmoja mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Judith Graham Pool, alieleza jambo alilolitambua. Plazima iliyogandishwa kwa baridi ikiyeyushwa polepole, hubaki mashapo chini ya mfuko. Mashapo hayo yana kigandishi namba 8 kwa wingi. Basi hospitali zenye benki ya damu zikaweza kuyatenga na kumpa mgonjwa kwa kiasi kidogo. Njia hiyo bado inatumika mahali pengi ambapo hakuna dawa nyingine.

Baadaye viwanda vilitengeneza unga wa kigandishi kutoka plazima ya maelfu ya watu iliyochanganywa pamoja. Wagonjwa walifurahi, kwani waliweza kujidunga nyumbani. Lakini furaha hiyo ilileta msiba. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, katika mchanganyiko huo mlikuwa na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Maelfu ya wagonjwa katika nchi tajiri waliambukizwa na wengi walikufa. Ndipo viwanda vikaanza kuua virusi kwa joto na kwa dawa, na damu ikaanza kupimwa. Mwaka 1992 Marekani iliidhinisha kigandishi namba 8 kilichotengenezwa maabara bila kutegemea damu ya watu wengi.

Hata hivyo mashaka mawili yalibaki. Kwanza, kigandishi hiki hakikai sana mwilini. Baada ya saa 12 hivi nusu yake imekwisha. Mtoto hudungwa kwenye mshipa mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote. Pili, kwa wagonjwa wa hemofilia A kali, hadi watatu kati ya kumi mwili hukikataa kigandishi hicho kama mgeni na kukishambulia. Wagonjwa hao dawa haiwafai tena. Hao ndio waliokuwa na shida kubwa kupita wote.

4. DAWA MPYA ILIVYOPATIKANA

Huko Japani, katika kiwanda cha dawa cha Chugai, mtafiti Kunihiro Hattori na wenzake walijiuliza swali tofauti. Wengine walikuwa wakiuliza: tutamrudishaje mtu namba 8 kwenye mstari? Wao wakauliza: namba 8 hufanya kazi gani hasa pale anaposimama?

Jibu ni kwamba namba 8 humshika namba 9 kwa mkono mmoja na namba 10 kwa mkono mwingine, akawasogeza karibu ili namba 9 amwamshe namba 10. Basi wakafikiri: kama tukipata kitu kingine chenye mikono miwili, kinachoweza kuwashika hao wawili na kuwasogeza, gunia litapita hata kama namba 8 hayupo.

Kitu hicho walikitafuta katika kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili wanaokamata vijidudu. Kwa kawaida askari huyo ana mikono miwili inayokamata kitu cha aina moja. Wajapani walitaka mikono tofauti, mmoja wa namba 9 na mmoja wa namba 10. Walijaribu michanganyiko karibu 40,000 hadi kupata mmoja uliofanya kazi, kisha wakaendelea kuurekebisha. Dawa hiyo ikaitwa emisizumabu. Kwa jina la biashara ni Hemlibra.

Sasa tazama walivyopima, hatua kwa hatua, maana hapa ndipo uvumi mwingi huanzia.

Kwanza, waliijaribu kwa nyani walioondolewa nguvu ya namba 8 kwa muda. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Tiba cha Nara.

Pili, waliwapa watu wazima 64 wasio na ugonjwa, waliojitolea. Kati yao 40 walikuwa Wajapani na 24 wazungu. Lengo lilikuwa kuona kama dawa ina madhara na inakaa mwilini muda gani.

Tatu, waliwapa wagonjwa 18 Wajapani. Wakaona uvujaji wa damu umepungua sana.

Nne, yalifuata majaribio makubwa katika nchi mbalimbali. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2017 walikuwemo wagonjwa 109 wenye umri wa miaka 12 na zaidi, wale ambao miili yao hukikataa kigandishi. Wasiopewa dawa ya kuzuia walivuja damu na kutibiwa kwa wastani wa mara 23 kwa mwaka. Waliopewa dawa mpya, wastani ulikuwa mara 3. Zaidi ya nusu ya waliopewa hawakupata hata uvujaji mmoja uliohitaji kutibiwa katika muda wa jaribio.

Je, hapakuwa na madhara? Yalikuwepo, na hayakufichwa. Wagonjwa wachache waliopewa kwa wingi dawa nyingine ya kugandisha damu pamoja na hii mpya walipata madonge ya damu ndani ya mishipa. Ndipo ikaandikwa onyo: dawa hizo mbili zisichanganywe ovyo, na daktari ajue kila dawa anayotumia mgonjwa.

Mwezi wa Novemba 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa wale ambao kigandishi hakiwafai. Mwaka 2018 iliidhinishwa pia kwa wagonjwa wengine wa hemofilia A.

Kwa hiyo, ndugu, ukisikia mtu anasema dawa hii inajaribiwa kwa wakimbizi, mweleze kwamba ilikwisha kupimwa Japani, Ulaya, Marekani na kwingineko, na watoto wa huko wanaitumia. Na kwa dawa yoyote nyingine iliyo bado katika majaribio, ujue haki yako: lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa, ukubali mwenyewe kwa hiari, na unaweza kukataa bila kunyimwa matibabu ya kawaida wala mgawo wa chakula.

5. DAWA HII INAFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI

Inafanya:
– Inazuia damu kuvuja mara kwa mara. Mtoto anaweza kutembea na kwenda shule.
– Inadungwa chini ya ngozi, si kwenye mshipa. Baada ya wiki nne za mwanzo, hudungwa mara moja kwa wiki, au kila wiki mbili, au kila wiki nne.
– Inawafaa hata wale ambao miili yao hukikataa kigandishi.

Haifanyi:
– Haiponyi ugonjwa. Mtoto akiiacha, hali hurudi ilivyokuwa.
– Haitibu hemofilia B. Kwa aina hiyo dawa nyingine za kudunga chini ya ngozi zimeanza kuidhinishwa katika nchi kadhaa.
– Haisimamishi damu ambayo imekwisha kuanza kuvuja kwa wingi. Kwa ajali au upasuaji mgonjwa bado anaweza kuhitaji kigandishi chenyewe.
– Haitunzwi popote. Inataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8.

Dawa hii ni ghali mno, na haimo katika kabati la zahanati ya kambi. Lakini haimaanishi kwamba mlango umefungwa. Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na lenye makao yake Montreal, Kanada, lina mpango wa kugawa dawa bure katika nchi zisizo na uwezo. Mwaka 2019 kampuni ya Roche ilikubali kutoa dawa hii kwa mpango huo, ya kutosha watu hadi 1,000 kwa miaka mitano. Dawa za mpango huo hupitia hospitali kubwa zenye kliniki ya ugonjwa huu. Katika eneo letu zipo, kwa mfano Muhimbili huko Dar es Salaam na Hospitali ya Moi huko Eldoret, Kenya.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la somo hili. Dawa hizo hupewa mgonjwa aliyepimwa, mwenye jina katika kitabu na aina yake ya ugonjwa imeandikwa. Mtoto ambaye hajapimwa, kwa hesabu ya hospitali hayupo. Hatua ya kwanza ya kuipata dawa si fedha. Ni kutambuliwa.

6. DALILI ZA KUANGALIA

Mpeleke mtoto zahanati aulizwe na kuchunguzwa ukiona mojawapo ya haya:
– Alivuja damu kwa siku nyingi baada ya tohara.
– Alipoanza kutambaa alipata uvimbe na mabaka meusi makubwa bila kuanguka vibaya.
– Goti, kiwiko au kifundo cha mguu huvimba mara kwa mara.
– Jino likitoka, au akijiuma ulimi, damu husimama kisha huanza tena kwa siku mbili tatu.
– Sehemu aliyodungwa sindano huvimba sana.
– Ndugu wa kiume wa mama, au kaka wa mtoto, alikufa kwa kuvuja damu.

Wasichana na wanawake nao wanaweza kuwa na magonjwa ya damu kutoganda. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kupita kiasi kila mwezi, au baada ya kujifungua, asione haya kusema.

Zahanati haiwezi kupima ugonjwa huu yenyewe. Omba barua ya rufaa. Ukipewa jibu la hospitali, litunze pamoja na kadi ya mgawo, mbali na mvua. Ukihamishwa kambi au ukirudi nyumbani, barua hiyo iende nawe, ili usianze upya.

7. MAMBO YA KUFANYA LEO

Kiungo kikivimba: mtoto apumzike, asitembelee mguu huo. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi. Funga bendeji bila kukaza mno. Inua mguu au mkono juu ya mto au blanketi. Kisha mpeleke zahanati. Usikande kwa maji ya moto, usichue, wala usichanje.

Damu ya pua: mkalishe ameinama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Asilazwe chali.

Akipigwa kichwa: usingoje dalili. Mpeleke mara moja, hata usiku, hata kama anacheza. Mwambie mlinzi na mhudumu maneno haya: "Mtoto huyu damu yake haigandi."

Dawa za maumivu: parasetamoli inafaa. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa maana huzidisha kuvuja. Dawa za sokoni zisizo na jina usizinunue kabisa.

Sindano: asidungwe kwenye nyama ya tako au paja bila mhudumu kujua ugonjwa wake. Chanjo asikose. Mwambie muuguzi atumie sindano nyembamba, kisha ubonyeze mahali hapo kwa dakika 10.

Tohara: ikiwa kuna dalili yoyote katika ukoo, mtoto asitahiriwe kabla ya kupimwa. Ngariba na viongozi wa dini tunawaomba waulize swali hili kabla ya kuanza: "Je, katika ukoo huu kuna mtu aliyewahi kuvuja damu sana?" Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha.

Shule: mwalimu aelezwe. Mtoto asichapwe. Asizuiwe kusoma, kwani atakapokuwa mtu mzima kazi ya kalamu itamfaa kuliko ya kubeba mizigo.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto mwenye hemofilia anaweza kuwa hatarini ingawa hakuna damu inayoonekana nje?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi dawa mpya inavyofanya kazi ya namba 8.
3. Jirani anasema mama wa mtoto huyu ana laana. Utamjibu nini?
4. Dawa ilipitia hatua gani kabla ya kuidhinishwa? Kwa nini hatua hizo ni lazima?
5. Katika mtaa wenu, je, yupo mtoto ambaye magoti yake huvimba mara kwa mara? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake wiki hii?

Wahudumu wa afya wa mitaa wanaombwa kuwasomea wasiojua kusoma. Ukimaliza karatasi hii usiitupe. Mpe jirani.